Namna ya Kubadilisha Droni za Polisi wa Jiji: Mwongozo kwa Mfano wa Chula Vista, California

Idara ya polisi ya jiji inapoamua kuondoa droni zake za zamani na kununua mpya, mara nyingi kazi hiyo hukabidhiwa afisa mmoja wa cheo cha kati, ambaye siku ya kwanza hukuta katalogi za wauzaji zimerundikana mezani lakini hakuna hata karatasi moja inayoeleza ndege hizo zitafanya kazi gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa huyo, na vilevile kwa diwani au mkazi atakayeombwa kuidhinisha mapendekezo yake. Mfano unaotumika ni Chula Vista, jiji la California lililo kati ya San Diego na mpaka wa Meksiko, ambako Oktoba 2018 polisi walianza kurusha droni kutoka paani kuelekea kwenye matukio yaliyopigiwa simu ya dharura ya 911, ili macho yafike kabla ya gari la doria. Miji mingi ya Marekani imeuiga mpango huo. Kwa kuwa umekwisha kupita mahakamani, barazani na magazetini, una mengi ya kufundisha kuliko mpango wowote ulioanzishwa juzi.

Niseme mapema ninachokisimamia: kila uwezo mpya unaoongezwa kwenye droni unapaswa kuhesabiwa kuwa mpango mpya, hata kama jina la mradi, bajeti na maafisa ni wale wale. Wananchi walipoikubali droni ya mwaka 2018, waliikubali pamoja na udhaifu wake wote. Betri yake iliisha haraka, kamera yake ya kuona joto la vitu iliona kwa shida, na ilimhitaji rubani aliyesimama paani. Udhaifu ule ukiondolewa, ridhaa ile haitoshi tena.

Anza na simu za dharura

Kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote, chukua kumbukumbu za simu za dharura za miezi 12 iliyopita na uzipange kwa mambo manne: aina ya tukio, mahali, saa, na muda uliopita kabla afisa wa kwanza hajafika. Kisha tenga matukio ambayo macho ya angani yangebadilisha uamuzi wa mtu fulani. Simu inayosema kuna mtu amesimama barabarani ameshika kitu kinachofanana na bunduki ni ya kundi hilo, kwa sababu afisa atakayejua mapema kwamba kitu hicho ni kiberiti cha sigara atafika na mikono iliyotulia. Mzozo wa wapangaji ndani ya nyumba si wa kundi hilo, kwani droni itaona paa tu.

Tenga pia matukio ambayo droni ingeonyesha kwamba hakuna haja ya kutuma gari kabisa, kama vile gari lililoripotiwa kuziba njia ambalo limekwisha kuondoka. Wauzaji hupenda kuonyesha picha za msako wa majambazi, lakini ni matukio haya ya kawaida yanayojaza ratiba ya kila siku, na ndiyo yanayopaswa kuamua ukubwa wa kikosi.

Orodha hiyo ikishakamilika, ichore kwenye ramani ya jiji. Hapo utaona mahali pa kuweka vituo vya kurushia. Utaona pia jambo lingine ambalo afadhali uligundue wewe kabla halijagunduliwa na mwandishi wa habari, nalo ni mitaa ipi itakayopitiwa na droni nyingi kuliko mingine. Mwaka 2024 jarida la WIRED lilichambua njia za karibu safari 10,000 za droni za Chula Vista, na likaonyesha kwamba wakazi wa mitaa ya kipato cha chini walipitiwa zaidi. Data zilizotumika zilikuwa zimechapishwa na idara yenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la kuwapongeza polisi hao, ingawa sina hakika kama wao walilifurahia.

Hesabu ya dakika

Muda wa kuruka unaoandikwa kwenye katalogi hupimwa mahali pasipo na upepo, betri ikiwa mpya. Tuchukue droni inayotangazwa kuruka dakika 40. Kwa mipango ya kazi, hesabu asilimia 70 ya muda huo, yaani dakika 28. Tukio likiwa kilomita 3 kutoka kituoni, na droni ikienda mita 15 kwa sekunde, kwenda kunachukua sekunde 200 na kurudi kiasi hicho hicho, ambazo kwa pamoja ni karibu dakika 7. Bakiza dakika 5 za akiba ambazo hazitaguswa. Zinazobaki juu ya tukio ni dakika 16.

Sasa uliza: tukio likidumu saa moja, unahitaji ndege ngapi ili mahali hapo pasiachwe bila jicho? Kila droni inakuwa hewani dakika 23 na kuleta picha zenye manufaa kwa dakika 16. Ikiwa inarudi kwenye kituo kinachoichaji chenyewe, na kuchaji kunachukua dakika 40, mzunguko mzima ni dakika 63, kwa hiyo zinahitajika droni nne zinazopokezana. Ikiwa kuna mtu wa kubadilisha betri kwa dakika 5, mzunguko ni dakika 28 na droni mbili zinatosha. Ndiyo maana kulinganisha bei ya ndege moja na ya nyingine hakusemi lolote la maana. Kituo kisicho na mtu hupunguza mishahara lakini huongeza idadi ya ndege, na kituo chenye mtu hufanya kinyume chake. Andika hesabu zote mbili katika pendekezo lako, kwa namba za simu za jiji lako, na mwache mhasibu wa jiji azione zikiwa sambamba.

Fanya vivyo hivyo kwa eneo. Duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 3 lina kilomita za mraba 28. Chula Vista ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 130, na maduara hayawezi kupangwa bila kupishana, kwa hiyo jiji la ukubwa huo linahitaji vituo zaidi ya vitano kwa masafa hayo, au vituo vichache vyenye ndege zinazofika mbali zaidi na kukaa muda mfupi zaidi juu ya tukio.

Vibali vya anga

Nchini Marekani anga lote liko chini ya Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Anga, FAA, na polisi wana njia mbili za kisheria. Ya kwanza ni kanuni za Sehemu ya 107, zilizoanza kutumika Agosti 2016, ambapo kila rubani ana cheti chake, droni ina uzito usiofika pauni 55, yaani karibu kilo 25, haipandi juu ya futi 400 kutoka ardhini, nazo ni karibu mita 122, na rubani au mwangalizi wake huiona kwa macho muda wote. Ya pili ni kibali maalumu kinachotolewa kwa taasisi ya umma, ambayo ndiyo inayobeba wajibu wa kuwathibitisha marubani wake yenyewe. Idara nyingi huwa na vyote viwili.

Kurusha droni mbali na upeo wa macho, ambako ndiko kiini cha mpango wa Chula Vista, kunahitaji ruhusa ya ziada. Jiji hilo liliipata kwa kuingia katika mradi wa majaribio wa FAA pamoja na Jiji la San Diego. Anayebadilisha droni asidhani kwamba ruhusa ya zamani inahamia kwenye ndege mpya yenyewe. Soma upya kila sharti la kibali ulichonacho, hasa yanayotaja aina ya ndege, njia ya mawasiliano, idadi ya waangalizi na mwinuko, kisha omba marekebisho kabla ya kusaini mkataba wa ununuzi. Hakikisha pia kwamba ndege mpya zinatangaza utambulisho wao kwa redio kama kanuni inavyotaka tangu Septemba 2023, na kwamba za kuruka usiku zina taa inayoonekana kutoka maili 3.

Fedha na nchi ya kiwanda

Hapa ndipo idara nyingi zimeumia. Kwa miaka mingi droni za polisi wa Marekani zilitoka kwa kampuni ya Kichina ya DJI, kwa sababu zilikuwa za bei nafuu na nzuri. Desemba 22, 2023 ilisainiwa sheria ya shirikisho inayozuia serikali ya shirikisho kununua droni za makampuni ya China, na miaka miwili baadaye, Desemba 22, 2025, zuio hilo likafika kwenye fedha za ruzuku za shirikisho zinazotolewa kwa majimbo na miji. Florida ilikuwa imetangulia: mwaka 2023 idara za jimbo hilo zilijikuta zikiziweka chini droni zilizokuwa bado zinafanya kazi, kwa kuwa watengenezaji wake hawakuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa.

Kwa hiyo gawa bajeti kwa chanzo cha fedha kabla ya kuigawa kwa bidhaa. Fedha za ruzuku zina masharti, na masharti hayo hufuata ndege hadi siku ya kuiuza au kuitupa. Fedha za jiji zina uhuru zaidi, ila zisitumiwe kununua kitu ambacho ruzuku ya mwakani haitaweza kukihudumia.

Kutonunua kutoka China nako hakumalizi tatizo la vipuri. Oktoba 2024 China iliiwekea vikwazo kampuni ya Skydio ya California, ambayo ilikuwa imewauzia droni zima moto wa Taiwan. Kampuni ikakatiwa betri, ikalazimika kuwagawia wateja wake betri moja kwa kila ndege. Rudi kwenye hesabu ya dakika hapo juu uone kikosi kinachotegemea kubadilisha betri kinafanyaje kazi kikiwa na betri moja moja. Katika zabuni, mtake muuzaji aeleze betri, mota na kamera zinatengenezwa wapi, kiasi gani cha vipuri kiko ghalani ndani ya nchi, na kwa miaka mingapi atauza betri za aina hiyo baada ya kuacha kuunda ndege yenyewe. Betri za akiba zinunuliwe siku moja na ndege.

Kamera mpya ni swali jipya la kisheria

Droni ya polisi ya mwaka 2018, kama Mavic 2 Enterprise Dual ya DJI, ilikuwa na kamera ya joto yenye nukta 160 kwa 120. Leo kamera ya kawaida ya kazi hiyo ina nukta 640 kwa 512, yaani mara 17 zaidi. Katalogi huita hilo uboreshaji. Mwanasheria wa jiji anapaswa kuliita jambo la kuulizwa upya, kwa kuwa doa la joto ambalo zamani lingeweza kuwa mbwa au jiko la mkaa sasa ni mtu anayeonekana mikono na miguu.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1989, katika kesi ya Florida v. Riley, kwamba polisi aliye kwenye helikopta futi 400 juu ya ua wa mtu hahitaji hati ya upekuzi kutazama kinachoonekana. Lakini mwaka 2001, katika Kyllo v. United States, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba kuelekeza kifaa cha kupima joto kwenye nyumba ya mtu ni upekuzi, na unahitaji hati. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nne, moja ya mahakama za rufani za shirikisho, iliamua kwamba mpango wa polisi wa Baltimore wa kupiga picha jiji zima kutoka ndegeni bila hati ulikiuka Katiba, kwa sababu picha zilizolimbikizwa zilimwezesha polisi kurudi nyuma na kufuatilia nyendo za mtu yeyote. Kesi hizo tatu zikisomwa kwa pamoja zinampa mtunga sera mstari unaoeleweka: kutazama tukio lililoripotiwa kuna nafasi, kuchungulia ndani ya nyumba kwa joto kunataka hati, na kulimbikiza picha za kila mtu ni hatari kubwa kwa idara.

Mstari huo ugeuzwe kuwa maagizo ya kazi yanayoweza kukaguliwa. Kamera iinuliwe kuelekea upeo wa macho droni inapokwenda na inaporudi, na ishushwe tu inapofika kwenye tukio. Kamera ya joto isielekezwe kwenye jengo la makazi bila hati, isipokuwa kuna hatari ya papo hapo kwa uhai, na rubani aandike sababu hiyo ndani ya zamu ile ile. Utambuzi wa sura na silaha za aina yoyote vikatazwe kwa maneno ya wazi, hata kama ndege iliyonunuliwa haina uwezo huo, kwa kuwa programu husasishwa usiku na asubuhi uwezo unakuwepo.

Barazani

California ina sheria ya AB 481, iliyosainiwa mwaka 2021, ambayo inaziweka droni katika kundi la zana za kijeshi na kuitaka idara ipate idhini ya baraza la jiji kwa sera iliyoandikwa. Wengi hukosea mpangilio wa hatua: idhini hutangulia hata kuomba ruzuku, sembuse kununua. Rasimu ya sera iwekwe kwenye tovuti ya idara siku zisizopungua 30 kabla ya kikao, itaje aina ya ndege, idadi, gharama ya kununua na ya kuendesha kila mwaka, matumizi yanayoruhusiwa na mafunzo yanayotakiwa.

Mkutano na wakazi usifanywe kuwa maonyesho ya ndege. Peleka ramani uliyoichora mwanzoni, pamoja na mtaa unaopitiwa zaidi, na ueleze kwa nini. Tafsiri sera kwa lugha zinazosemwa jijini. Kwa Chula Vista, ya kwanza ni Kihispania, lakini jirani yake San Diego ina wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanaoongea Kiswahili, na miongoni mwao wapo ambao ndege inayonguruma juu ya nyumba huwakumbusha mambo waliyoyakimbia. Swali la mama wa namna hiyo lina uzito kuliko maswali kumi ya kiufundi.

Majaribio kabla ya kusaini

Usikubali onyesho la muuzaji, kwa rubani wake, saa nne ya asubuhi tulivu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ina majaribio ya droni ndogo yanayotumia ndoo zilizofungwa kwenye mbao kwa pembe tofauti. Ndani ya kila ndoo kuna alama, na alama hiyo huonekana tu droni ikikaa mahali sahihi na kamera ikilenga sawasawa. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba idara yoyote inaweza kujitengenezea. Wapitishe marubani wako kwenye jaribio hilo kwa ndege ya zamani na kila ndege inayoshindaniwa, mchana na usiku, na uandike alama zao. Rudia jaribio kwenye upepo. Kisha kata mawasiliano makusudi na uone droni inavyorudi: je, inapanda kwanza, inafuata njia gani, na inatua wapi ikiwa kituo chake kimezibwa?

Alama hizo hizo zitakuwa msingi wa mafunzo. Cheti cha Sehemu ya 107 hudai kusoma upya kila miezi 24, muda ambao ni mrefu mno kwa mtu anayerusha juu ya barabara zenye watu. Ndoo za kila robo mwaka zinafaa zaidi. Wakati wa makabidhiano, ziache ndege za zamani na mpya zifanye kazi sambamba kwa muda, kila rubani akiwa na aina moja tu katika zamu moja, maana vitufe visivyofanana kati ya rimoti mbili vimewahi kuangusha ndege nzuri.

Video na ndege zilizostaafu

Kamera bora huleta mafaili makubwa zaidi, na mafaili hayo ni mali ya umma yenye madai. Mwandishi na mchapishaji Arturo Castañares aliiomba Chula Vista video za droni za mwezi Machi 2021, jiji likakataa zote kwa hoja kwamba ni kumbukumbu za upelelezi, na Desemba 2023 Mahakama ya Rufani ya California ikasema hoja hiyo haiwezi kufunika kila video. Zilizo sehemu ya faili la upelelezi, au zinazochunguza kama kosa limetendeka, zinalindwa. Zile za kuulizia jambo tu, kama gari lililoharibika barabarani, hazina kinga hiyo kwa ujumla wake. Kwa hiyo mfumo mpya lazima umtake rubani aiweke kila video katika moja ya makundi hayo siku ile ile, iungwe na namba ya simu ya 911, na iwe na tarehe ya kufutwa. Kuzipanga video za mwezi mzima miaka miwili baadaye kutagharimu kuliko droni. Bajeti iwe na mshahara wa mtu wa kuficha sura na namba za magari kabla video haijatolewa.

Mwisho, ndege zinazoondoka. Toa kadi za kumbukumbu na kufuta hifadhi ya ndani, hamisha video zinazohitajika mahakamani kwanza, ondoa ndege kwenye akaunti za mtengenezaji, na uufute usajili wake FAA. Ndege iliyonunuliwa kwa ruzuku isiuzwe wala kugawiwa kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa aliyeitoa. Betri zishushwe chaji, kisha zipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za hatari, na iliyovimba iwekwe peke yake ndani ya chombo cha chuma chenye mchanga, nje ya jengo. Ndege moja au mbili nzima zinaweza kubaki kwa mazoezi ya ndoo ndani ya ukumbi, zikiwa zimeandikwa hivyo kwenye ripoti ya mwaka ambayo AB 481 inaitaka, ili diwani anayehesabu droni za jiji apate idadi ile ile anayoikuta ghalani.